Babu alinidekeza katika bustani ya Mfalme, na sasa naambiwa namharibu mjukuu wangu

BARUA

Assalaam alaykum,

Naomba jina langu lisitajwe, maana watu wa kwetu wanasoma safu hii na mambo yenyewe bado mabichi. Nina miaka 71, ni mjane, mwalimu mstaafu, naishi Unguja, nje kidogo ya mji. Ninaye mjukuu wa kiume wa miaka sita. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa, mama yake alipopata kazi Dar es Salaam.

Ili mnielewe, sina budi kuanza na babu yangu mzaa mama. Alikuwa mtunza bustani wa kasri la Kibweni, lile alilojengewa Seyyid Khalifa, Mfalme wa Zanzibar, mwaka 1915. Mfalme makazi yake hasa yalikuwa kasri la mjini, pale Forodhani, na Kibweni alikuja kupumzika. Siku ambazo hayupo, bustani ilikuwa ya babu na mimi nilikuwa wa babu. Asubuhi nikilia kwamba sitaki kwenda chuoni kusoma Qurani, mama anatafuta fimbo, babu ananishika mkono na kusema, "Mwache mke wangu, leo nina kazi naye." Bibi anajibu kutoka jikoni kwamba huyo mke mwenzake amezidi, kila siku zamu ni yake. Tunaondoka wawili, tunapita mlango wa nyuma.

Sijui niwaelezeje bustani ile. Palikuwa na miasumini, milangilangi, mirihani iliyopandwa kwa mstari, mkadi pembeni karibu na ukuta, na mawaridi ambayo babu aliyamwagia maji kwa ndoo kutoka kisimani. Kulikuwa na mishokishoki na mitufaha, na mabalungi makubwa kuliko kichwa changu. Mambo mawili tu babu alinikataza: kusogea kisimani, na kuchuma ua au tunda lililo mtini. "Kilichoanguka usiku ni riziki yako," alikuwa akisema, na mimi ninajaza gauni langu matufaha mpaka linachuruzika. Asumini zilizodondoka alinifungia kikuba kidogo kwa rihani na kipande cha mkadi, akanibandika kifuani kama bibi harusi. Nikichoka ananilaza kwenye koti lake chini ya mti. Sijawahi kupigwa nikiwa nyuma ya babu. Fimbo ya mama ilikuwa inaishia miguuni pake.

Namkumbuka na Mfalme mwenyewe. Mzee mwenye ndevu nyeupe alipita siku moja, babu akainama, na yule mzee akaniwekea mkono kichwani. Nilikuwa mdogo sana, kwa sababu Seyyid Khalifa alifariki Oktoba 1960 na mimi nilikuwa na miaka sita.

Yakaja Mapinduzi, Januari 1964. Kasri likawa la serikali, babu akarudi nyumbani, na baadaye akapewa eka tatu kama walivyopewa wengine. Mimi nikapelekwa mjini kwa shangazi yangu, nikasoma, nikawa mwalimu. Maisha yangu yote, nikipata dhiki, narudi kichwani kwenye bustani ile. Nilipofiwa na mume wangu, usiku nililala kwa kuitaja miti yake mmoja mmoja.

Sasa, Idd iliyopita tulikusanyika. Mtoto wa kaka yangu alitaka kuturekodi sisi wazee kwa simu tumzungumzie babu, ili awapelekee watoto wa ukoo walioko Maskati na Uingereza, wasiomjua. Nikahadithia bustani. Watoto walikuwa kimya wote, wanafurahi. Nilipofika kwa Mfalme, mdogo wangu wa kike, ambaye nimempita miaka mitano, akasema kwa sauti, "Huyo Mfalme ulimwona kwenye stempu." Kisha akaendelea, na simu inarekodi: "Babu ninayemjua mimi ni wa jembe. Alfajiri nipo eka tatu, jioni nipo eka tatu. Wewe ulipelekwa mjini. Skuli ilikuwa bure, hapakuwa na ada ya kukosa, lakini mimi nilitolewa darasa la nne nikapalilie mihogo. Na siku ukija likizo, anakuchinjia kuku. Bustani ile uliiona wewe peke yako." Akainuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hatujazungumza. Yule kijana ananiuliza, maneno ya bibi mdogo ayakate au ayaache? Sijamjibu.

Jambo hili lingekuwa limeishia hapo, ningelivumilia. Lakini mwezi huohuo binti yangu alikuja kumwangalia mwanawe. Akakuta mtoto ametobolewa meno na utamu, mawili yameng'olewa. Akakuta hali wali bila yai la kukaanga, halali mpaka awe na simu anaangalia katuni, na analala kitandani kwangu. Kweli namdekeza. Ijumaa jioni nampeleka Forodhani, anachokinyooshea kidole nanunua: miwa, askirimu, mishikaki. Ndivyo nilivyolelewa, na nimekuwa mtu. Binti yangu akaniambia, "Mama, unaniharibia mtoto." Na mtoto pale pale akamwita mama yake kwa jina lake, kama anavyonisikia mimi nikimwita, akamwambia, "Rudi kwako Dar." Binti yangu alilia usiku kucha.

Amesema Januari anamchukua aanze darasa la kwanza huko. Mkwe wangu ananiheshimu mno, nikimwita na kumweleza kwamba mtoto hajawa tayari, najua atanisikiliza na atamshawishi mkewe. Nafikiria kufanya hivyo.

Lakini maneno ya mdogo wangu yameniingia. Kama mapenzi ya babu yalikuwa na ubaya ambao sikuuona, basi na haya ninayompa mjukuu wangu ni yaleyale. Na kama babu alikuwa mwema, basi mdogo wangu na binti yangu wote wamekosea. Nishike lipi?

Bibi, Unguja

MAJIBU

Waalaykum salaam Bibi, na shikamoo.

Mimi ni mdogo kwako kwa miaka mingi, kwa hiyo nitayasema haya kama mtu aliyekaa chini kwenye mkeka wako. Utayachukua yanayokufaa.

Umeandika mambo mawili na umeyafunga kwa kamba moja. La kwanza ni la mtoto: mama yake anamtaka, wewe unahisi anakunyang'anya, na mlezi unayemfuata ni babu yako. La pili ni la mdogo wako, aliyesema mbele ya ukoo na mbele ya simu kwamba babu huyo kwake alikuwa mtu mwingine. Kamba uliyoyafungia ni swali lako la mwisho: ama babu alikuwa mwema na hawa wawili wamekosea, ama wao wako sawa na mapenzi uliyolelewa nayo yalikuwa na kasoro. Ningependa tuilegeze kamba hiyo kwanza, kwa sababu naona ndiyo inayokukaba.

Nianze na Mfalme na stempu, maana nadhani ndipo ulipoumia haraka. Ni kweli sura ya Seyyid Khalifa ilikuwa kwenye stempu za Zanzibar miaka yote ile, na mtoto wa miaka sita anaweza kuchanganya alichokiona kwa macho na alichokiona kwenye bahasha. Ni kweli vilevile kwamba mtunza bustani wa Kibweni angeweza kukutana na mwenye kasri, na mjukuu wake akawepo. Mimi siwezi kuamua, na mdogo wako naye hawezi, kwa kuwa mwaka 1960 alikuwa mchanga wa mwaka mmoja. Lakini ukimsikiliza vizuri, Bibi, yeye hakugombana nawe kuhusu Mfalme. Mfalme alikuwa mlango tu wa kuingilia. Alichokuja kukisema ni jembe.

Na hapo ndipo naomba tukae kidogo, juu ya babu mwenyewe. Kwa hesabu ya umri, mtu aliyeanza kazi Kibweni ujanani mwake, kasri likiwa bado jipya, alizaliwa ama kabla kidogo ama baada kidogo ya 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud alitia saini sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Sijui habari za wazazi wake, na wewe hukuandika. Ila mashamba na bustani za wafalme zilikuwa zimefanywa kwa mikono ya watu wasio na hiari, na kizazi chake kilikulia miongoni mwa wazee waliokumbuka hayo. Katika bustani ile hapakuwa na tunda lake hata moja. Soma tena ulichokiandika: kilichoanguka usiku ni riziki yako, kilicho mtini usiguse. Huyo ni mtu aliyejua mpaka wa haki yake mpaka kwenye shina la mtufaha, na ndani ya mpaka huo mwembamba akapata namna ya kumfanya mtoto ajione malkia. Kwa macho yangu hilo ni tendo kubwa la mapenzi. Lakini lilikuwa tendo lililoweza kumwenea mtoto mmoja. Mfanyakazi wa kasri asingeweza kupita mlango wa nyuma na wajukuu wote.

Halafu ikaja 1964, na mtu huyohuyo, akiwa na miaka sitini na zaidi, akapewa ardhi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Eka tatu zake. Sasa kila muhogo ni wake, na kila gugu ni deni lake. Hakuna mshahara wa kasri tena. Mikono inahitajika, na mikono iliyokuwa nyumbani ni ya mdogo wako. Wewe ulimjua babu akiwa mtumishi ndani ya bustani ya mwingine. Yeye alimjua akiwa mwenye shamba. Naona wote wawili mmesema kweli, kila mmoja kweli ya miaka yake.

Nayasema haya kwa tahadhari, kwa sababu kumweleza babu kusije kukawa njia ya kumnyamazisha mdogo wako. Elimu ilitangazwa kuwa bure mwaka huohuo wa 1964, naye analijua hilo, ndiyo maana alilitaja. Alitolewa darasani na wewe ukaachwa darasani, na hiyo ni hasara aliyoibeba miaka zaidi ya hamsini. Eka tatu haziifuti. Ila sidhani kuwa ukubwa wa hasara yake unakudai wewe uitupe asumini yako. Mtu anaweza kupendwa kwa kweli na mkono uleule uliomnyima mwingine.

Unguja tunao mfano wa karibu, tena jirani kabisa na Kibweni. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, na alipokuwa mtu mzima Ujerumani, mjane mwenye watoto wadogo, aliandika kumbukumbu zake ili wanawe wajue alikotoka. Zilichapishwa 1886. Ua wa Mtoni alioueleza una tausi, paa na mbuni wanaotembea huru, na watoto wanakimbia kati yao. Umeandikwa kwa mapenzi ambayo bado yanamgusa msomaji hadi leo. Lakini katika kurasa hizohizo yumo Bibi Azza bint Seif, mke mkuu wa Seyyid Said, aliyeogopwa na nyumba nzima, na umo ugomvi wa 1859 wa kugombea ufalme, uliowagawa ndugu hao wa bustani moja, Salme akiwa upande wa Barghash dhidi ya Majid, kaka aliyekuwa amempenda sana. Hakuondoa ugomvi ili ua ubaki mzuri, wala hakuondoa tausi ili ugomvi ueleweke. Nimeutaja kwa sababu ya yule kijana na simu yake.

Kuhusu rekodi hiyo, naona njia tatu, na kila moja ina bei. Ukimwambia akate, hadithi itakuwa tamu na watoto wa Maskati wataipenda, lakini mdogo wako atajua kuwa hata sauti yake imetolewa ikapalilie mihogo. Ukimwambia aache yote kama yalivyo, ukweli utabaki, ila watoto wasiomjua babu watamkuta kwa mara ya kwanza katikati ya hasira, na mdogo wako anaweza kuona aibu kwa maneno aliyoyasema akiwa amejaa. Njia ya tatu ni kumwambia kijana asubiri, na wewe uende kwa mdogo wako umuulize yeye anatakaje. Hiyo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu utalazimika kukaa kimya akikuambia mambo ambayo hukuyajua. Ukienda na utetezi wa babu mkononi, hata huu niliokuandikia mimi, nadhani utaupoteza mkutano mapema. Unaweza kumuuliza jambo dogo tu: siku zile mlikuwa mnalima nini, mlikuwa mnakula nini saa ya mchana, nani alikuwa nanyi. Wewe ulikuwa mjini ukisoma, Bibi, na kule ulikuja likizo tu. Hakuna aliyewahi kukuhadithia eka tatu. Inawezekana akakataa kuzungumza. Inawezekana pia akakuambia kwamba aliyemtoa skuli hakuwa babu peke yake, kwani maamuzi ya namna hiyo yalipitia kwa wazazi na wajomba. Sijui. Yeye anajua.

Sasa mtoto.

Umesema, ndivyo nilivyolelewa, na nimekuwa mtu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, kwa sababu ulivyoielezea bustani sikuona kuwa ndivyo ulivyolelewa. Ulipokuwa nyuma ya babu, mama yako alikuwa mbele na fimbo. Kulikuwa na chuo, kulikuwa na jiko la bibi, kulikuwa na mtu wa kukuita urudi. Babu aliweza kusema "mwache" kwa sababu alikuwepo mtu wa kukushika. Mjukuu wako hana mtu huyo ndani ya nyumba. Wewe ndiye mama wa fimbo, ndiye bibi wa jikoni, ndiye babu wa koti chini ya mti. Mtu mmoja hawezi kuwa kimbilio na pia kuwa kile kinachokimbiwa, na wewe umechagua kuwa kimbilio. Nani angekulaumu? Mtoto aliyeachwa na mama yake akiwa bado ananyonya juzi tu, unaanzaje kumnyima yai?

Na tazama babu alikupa nini hasa. Matunda, ndiyo. Lakini zaidi alikupa siku zake za kazi. Alikuchukua akiwa anafanya jambo, akakufundisha majina ya miti hadi leo unaweza kuyataja gizani, na alikuwa na makatazo mawili ambayo hukuyavunja na hujayasahau baada ya miaka sitini na kitu. Hakuwa na duka la kukununulia. Siku za Forodhani ni nzuri, na wazee wengi wangetamani kuwa na nguvu za kumpeleka mtoto huko kila Ijumaa. Ila najiuliza kama simu ya katuni usiku ni sehemu ya urithi wa babu, au ni msaada wa mwanamke wa miaka 71 aliyechoka kufikia jioni. Kama ni uchovu, hilo ni jambo la kumwambia binti yako waziwazi, na sidhani litamshangaza.

La meno sitalizungusha. Mtoto wa miaka sita akishang'olewa mawili kwa kutoboka, yaliyobaki yanahitaji daktari wa meno ayaone, na soda na pipi za kila siku zipungue, awe Unguja au Dar. Hapo sioni pande mbili.

Lakini sidhani binti yako alilia kwa ajili ya meno. Mtoto alimwita kwa jina lake na kumwambia arudi kwake. Alikwenda Dar kutafuta riziki, na bila shaka sehemu ya riziki hiyo ndiyo inayonunua miwa ya Forodhani. Amekuta kwamba kila alichokuwa akikituma kimemjenga mtoto asiyemjua. "Unaniharibia mtoto" ni maneno makali kumwambia mama yako, na naamini yamekuuma. Je, inawezekana kwamba ndani yake kulikuwa na maneno mengine aliyoyaogopa zaidi, kwamba amechelewa?

Ndiyo maana nina wasiwasi na mpango wa kumwita mkwe wako. Unasema atakusikiliza, na nakuamini. Adabu yake kwako ni neema. Lakini fikiria binti yako atakapogundua, na atagundua, kwamba mama yake na mumewe walikaa bila yeye wakaamua kuhusu mwanawe. Unaweza kumpata mtoto mwaka mmoja zaidi na ukaweka kati yako na binti yako kitu kitakachokaa muda mrefu kuliko huo mwaka. Na mkwe wako utakuwa umemweka mahali pagumu nyumbani kwake. Kama una hoja kwamba mtoto hajawa tayari, binti yako ndiye wa kuisikia kwanza, kutoka kinywani mwako.

Na hoja unayo. Mtoto aliyelala kitandani kwako maisha yake yote hawezi kupandishwa boti pale bandarini mwezi wa Januari na kesho yake akaingia darasa la kwanza, nyumba mpya, mji mpya, na mama anayemwita kwa jina, bila kuumia. Hilo unaweza kulisema kwa nguvu zote. Mnaweza kuzungumzia kumwanzisha mapema: aende na wewe likizo ya Desemba, ulale naye siku za kwanza, kisha umwache siku chache na mama yake urudi. Mnaweza kuzungumzia mtoto aanze skuli hapa na mama yake aje mara kwa mara zaidi, ingawa najua nauli na ruhusa za kazi, na hatari ya njia hiyo ni kwamba kila mwaka unaopita utafanya kuhama kuwe kugumu zaidi. Mnaweza kukubaliana aende, na likizo zote ziwe zako. Ukikubali hiyo, ujiandae kwamba atarudi amebadilika, labda anakula wali mtupu, labda analala peke yake, na huenda likakuchoma kidogo. Na kuna uwezekano mwingine ambao hukuuandika: wewe nawe kwenda kukaa nao Dar kwa muda. Pengine hutaki kuiacha nyumba ya marehemu, na una haki hiyo.

Vyovyote mtakavyoamua, kuna kitu kimoja unaweza kukianza leo bila kikao. Mtoto anamwita mama yake kwa jina kwa sababu ndivyo anavyokusikia. Ukianza kumtaja mbele yake kwa "mama yako", ukamwambia hili gauni langu kaninunulia mama yako, mama yako alipokuwa mdogo alikuwa hivi na hivi, utakuwa unampeleka kwa mama yake kidogo kidogo hata kabla ya boti. Najua ninachokuomba. Nakuomba umtengenezee njia ya kuondoka kwako kwa mkono wako mwenyewe.

Na hapo nakuuliza jambo, na jibu libaki lako. Umeandika kuhusu meno ya mtoto, kuhusu mkwe, mdogo wako, babu na Mfalme. Hukuandika neno kuhusu wewe mwenyewe utakuwaje Februari ndani ya nyumba hiyo. Wewe ni mjane uliyelala kwa kutaja miti, na mtoto huyu bila shaka ndiye aliyeufanya usiku uwe na mtu. Sioni ubaya hata chembe kwa mlezi kumhitaji anayemlea. Ila kama sehemu ya kumzuia asiende ni hofu hiyo, binti yako anastahili kuijua, kwani huenda anadhani unamzuia kwa kumwona yeye hafai. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtu kuambiwa na mama yake.

Kuhusu bustani, endelea kumhadithia mjukuu. Mhadithie na makatazo mawili ya babu, watoto wa miaka sita wanapenda sana sheria za watu wa kale. Siku ukiwa tayari, na kama mdogo wako ataridhia, anaweza kuhadithiwa na eka tatu pia, tena na bibi yake mdogo mwenyewe.

Ukishazungumza na binti yako, tuandikie amejibu nini. Na huyo kijana wa simu mjibu leo au kesho, hata kama ni kumwambia tu asubiri, maana vijana wa sasa wakikosa jibu wanatuma.